Usinga Uliopokelewa

Mzungu wetu wa mazoezi alikuwa bibi Waisiko. Tulimkalisha juu ya kinu kilichopinduliwa, tukamvika ungo kichwani uwe kofia, na yeye, kwa vile magoti yalishaanza kumkataa, akafurahi kupewa kazi ya kukaa. Alikunja uso, akatazama juu ya vichwa vyetu kana kwamba anatafuta mvua. "Chezeni upesi," akasema, "gari langu limechoka kusubiri."

Wote tulicheka isipokuwa Mokami. Alikuwa amesimama upande wa pili wa kiwanja cha kupuria wimbi, njuga miguuni, usinga mkononi, akingoja tunyamaze. "Mkimaliza kucheka mniambie," akasema. "Mwanangu hayuko mahali pa kuchekesha." Mzee wa litungu, lile zeze letu kubwa, akakohoa, akaanza kupiga, nasi tukajipanga.

Mimi naitwa Wegesa. Mokami alikuwa mke mwenzangu, mkubwa, na msidhani tulipendana kama dada. Tuligombania kila kitu ambacho wake wenza hugombania: kuni, samli, kivuli cha ghala. Mume alipokufa tukagombana hata kuhusu mahali pa kumzika, awe karibu na mlango wa nani. Lakini mtoto hatukumgawa. Mimi Mungu hakunipa. Waitara alizaliwa na Mokami akakulia mgongoni kwangu, na alivyokuwa akiniita mama mdogo, mara nyingi nilisahau kwamba kulikuwa na mkubwa.

Waitara alikuwa amekamatwa na ng'ombe wasio wake. Nisiseme uongo, alikwenda kuwachukua, yeye na wenzake, huko upande wa Ikoma. Wenzake waliposikia kelele walikimbia. Yeye alibaki nyuma akimbeba ndama aliyeumia mguu, ndivyo alivyokuwa, hata wizi hakuujua vizuri. Wakamfunga miaka mitano. Kwa wakati ule alikuwa bado katika jela ndogo ya boma, hapo Tarime, lakini kila mtu alijua kwamba wafungwa wa miaka mingi hupelekwa Mwanza. Hakuna mwanamke wa kijiji chetu aliyewahi kufika Mwanza. Mokami alikuwa akisema mtu akipelekwa huko ni sawa na kuzikwa, ila huyu hata kaburi lake hulioni ukamlilia.

Ulikuwa mwaka ule Malkia wa Waingereza alipovikwa taji huko kwao. Mwanangwa wetu, msimamizi wa kijiji, mzee Heche, alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba bomani kutakuwa na sherehe, na bwana mmoja mkubwa sana atakuja kukaa kwenye kiti na kutazama ngoma. Ngoma ya vijana wetu ilikuwa imekatazwa, kwa sababu ile ya mwaka uliotangulia iliishia kwa fimbo na vichwa vilivyopasuka. Ya wasichana, watu wa misheni hawakuitaka. "Wametaka ngoma ya watu wazima," Heche akasema, "isiyo na ugomvi. Kwa hiyo ni ninyi akina bibi."

"Hawatujui," Waisiko akamjibu.

Ndipo Mokami akaenda ndani akatoka na usinga. Ulikuwa mkia wa fahali aliyechinjwa siku alipoingia katika boma la mume wetu, umeshonewa mpini wa ngozi, na kwa miaka yote ulikuwa ukining'inia juu ya kitanda chake, mweusi kwa moshi. Nilipouona mkononi mwake nilijua anachokusudia.

Katika ukoo wa mume wetu mwanamke hakusimama barazani kusema shida yake. Baraza lilikuwa la wanaume. Mwanamke mwenye shida alicheza. Aliomba nafasi katika ngoma, akaenda akicheza mpaka mbele ya mzee mwenye uwezo wa kumsaidia, akaimba shida yake, kisha akamnyooshea usinga wa nyumba yake. Mzee aliyekataa aliweka mikono magotini, akauacha usinga uanguke chini. Aliyeupokea kwa mkono wake, basi, shida ile ilikuwa yake kuanzia pale. Wanawake walipiga vigelegele virefu vya kupokezana, mmoja akiishiwa pumzi mwingine anadaka, na vigelegele hivyo havikupigwa kwa harusi wala kwa mtoto aliyezaliwa. Hata mtu aliyekuwa mbali malishoni akivisikia alijua kuna mama amesikilizwa. Mzee aliyepokea halafu asitimize, hakuna aliyekula tena chakula chake.

"Lakini huyu ni Mzungu," nilimwambia Mokami.

"Ana mikono," akasema.

Kwa hiyo tulifanya mazoezi kila jioni, jua likiwa bado lipo, kwenye kiwanja kile cha wimbi. Viungo vilituuma. Wengine tulikuwa hatujatikisa mabega tangu tulipoozesha, na asubuhi tuliamka tunatembea kama kuku waliofungwa miguu. Lakini tulicheza. Hofu kubwa ya Mokami haikuwa miguu, ilikuwa ule mkono wa Mzungu. Waisiko alikuwa amesikia kwamba Mzungu mkubwa hapokei kitu mwenyewe, humwachia karani apokee, na mkono wa karani haukuwa na uwezo wowote. Basi Mokami alijifunza kuuficha usinga ubavuni mpaka awe karibu kabisa, kisha kuutoa ghafla, chini ya kidevu cha mtu, ili mkono wake uinuke wenyewe kabla hajafikiri.

Siku moja Waisiko, kwa utani wake, aliweka mikono magotini. Usinga ukaanguka mavumbini. Mokami aliutazama pale chini kwa muda mrefu, halafu akachuchumaa na kulia, si kwa kelele, mabega tu yakitikisika, yale yale aliyokuwa akiyachezesha. Waisiko akavua ungo. "Ni mchezo tu, mama Waitara," alisema, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika. Hakurudia tena. Kutoka siku ile Mzungu wetu alikuwa anapokea kila mara, na nadhani hapo ndipo tulipoanza kuamini.

Juma la sherehe mimi na Mokami tulikwenda Tarime kuuza tumbaku. Mimi ndiye nilikuwa naelewa Kiswahili, cha sokoni. Yeye alikuwa na Kikurya chake tu na hakuona haja ya kingine. Tulipita kando ya uwanja wa boma. Wafungwa walikuwa wanafyeka majani, maana masika yalikuwa yameyaacha marefu, na katikati yao alikuwepo Waitara, amekonda, amevaa kaptura nyeupe kama mtoto wa shule. Askari alituangalia, akageuza uso akawasha sigara. Mpaka leo namshukuru yule askari.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo," Waitara akaita, fyekeo likiwa hewani.

Mokami hakuitikia ile salamu. Alinyoosha kidole. "Hapo katikati ukate vizuri," alisema. "Nitapakanyaga mimi."

Waitara alitazama pale mahali, akamtazama mama yake, na akaona usinga, kwa sababu Mokami alikuwa ameubeba hata sokoni, hakukubali kuuacha nyumbani. Akaelewa. Nilimwona anaelewa. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, akainama akafyeka pale katikati mpaka udongo ukaonekana. Njiani kurudi Mokami alitembea haraka mpaka nikamwambia anione huruma.

Siku yenyewe ilikuwa na baridi ya asubuhi na bendera nyingi. Tulikuwa tumepaka samli, tumevaa kaniki na shanga zetu zote, na nyaya za shaba miguuni zilizosuguliwa kwa majivu. Wafungwa hawakuonekana. Nilisikia wamefungiwa katika ghala la nyuma ya jengo, ili wageni wasiwaone. Watoto wa shule waliimba, askari walitembea huku na huku, halafu Heche akatupungia mkono.

Sitawaeleza ngoma. Ngoma huelezwa na mtu aliyekuwa anatazama, mimi nilikuwa ndani yake nikihesabu pumzi. Ninachokumbuka ni mgongo wa Mokami mbele yangu. Alikuwa mwanamke mwenye kifua kibovu, aliyekohoa akipanda hata kichuguu, na siku ile hakukohoa. Aliingia pale katikati mwanawe alipofyeka, akavua ndara zake, akaikanyaga ile ardhi kwa nyayo. Kisha akaanza kuimba. Aliimba kwamba ana mtoto mmoja. Aliimba jina lake na la baba yake na la ndama aliyeumia mguu. Nasi tuliitikia, na mwishoni alikuwa ameshafika mbele ya kiti.

Usinga ukatoka ubavuni. Na bwana yule mkubwa, mwenye kofia ya manyoya, akainua mkono akaupokea.

Alitabasamu. Aliupunga hewani kidogo, akafukuza nzi ambaye hakuwepo, watu wake wakacheka, akampa mke wake autazame. Mimi niliyaona hayo yote. Lakini wenzangu walikuwa wameshaona walichokihitaji. Waisiko ndiye aliyeanza, na magoti yake yale akaruka, akapiga kigelegele, mwingine akadaka, na mwingine, mpaka uwanja mzima wa boma ukajaa sauti. Mimi pia nilipiga. Mokami aliweka mikono miwili kichwani na kusimama hivyo, uso umelowa.

Wakati wenzangu wanagawiwa sukari na chumvi nilimfuata karani. Aliitwa Athanas, mtu wa Bukoba, mpole, aliyezoea kunisalimu sokoni. Nilimuuliza kama alimwambia bwana maana ya wimbo ule.

"Nilimwambia, mama. Jirani yenu Heche alinisaidia kwa Kikurya, nami nikamwambia bwana neno kwa neno. Na habari ya usinga pia."

"Akasemaje?"

Athanas alitazama viatu vyake. "Alisema ni mkia mzuri sana."

"Na mtoto?"

"Mama, hukumu ilishapita. Haiondoki kwa ngoma. Wanasafirishwa leo hii kwenda Mwanza, walikuwa wanangoja sikukuu iishe tu." Akaongeza kwamba ana watoto na yeye, na kwamba pole. Nikamwambia asante, maana sikujua kingine mtu anachomwambia mtu kama yule.

Kwetu kulikuwa kando ya barabara hiyo hiyo ya kusini iendayo Mwanza. Tulirudi tumetanda barabara nzima, tukiimba, Mokami mbele, mikono mitupu. Waisiko alikuwa ameshaanza kugawa kazi: nani ataloweka wimbi la pombe, nani ataikandika upya nyumba ya Waitara, binti wa nani anafaa kuulizwa. Nami nilitembea nyuma nikiwa na maneno ya Athanas kifuani. Mara tatu nilimsogelea Mokami. Kila mara aligeuka akanitazama kwa uso ule, uso ambao sijauona kwake hata siku alipojifungua, na maneno yakarudi yalikotoka.

Halafu tukasikia gari nyuma yetu.

Lilikuwa lori, limefunikwa turubai mpaka chini. Tukasogea majanini kulipisha. Nilijua ni nini, mimi peke yangu kati ya wanawake wale wote, na niliona Mokami anageuka kulitazama, anainua mkono kulipungia kwa furaha kwa kuwa limetoka bomani, na boma siku ile lilikuwa rafiki yake. Niliogopa turubai lisije likapeperuka. Niliogopa asije akaona hata kisigino. Sikuweza kulisimamisha lori wala kumsimamisha yeye. Kwa hiyo nilifanya kitu kimoja kilichokuwa kimebaki, niliuanza wimbo upya, wimbo wa Waitara, kwa sauti yangu yote, mpaka wenzangu wakageuka kwangu na kuudaka. Lori likatupita likigongagonga, ubao wake mmoja umelegea, likatuachia vumbi. Niliendelea kuimba kwenye vumbi.

Kesho yake asubuhi nilimwambia. Mimi si mtu wa kulainisha maneno, nilimweleza yote: Athanas, mkia mzuri, Mwanza, lori. Mokami alikuwa anakoroga uji. Aliukoroga mpaka nikamaliza.

"Mkono wake haukupokea?" akauliza.

"Ulipokea."

"Nani aliupokea, karani?"

"Mwenyewe."

"Basi," akasema, akanipa bakuli langu. "Wazungu ni wazito. Wana mambo mengi."

Ningefanya nini? Nilimwambia tena baada ya mwezi, na tena baada ya mavuno. Nilimwambia kwa upole na nilimwambia kwa hasira, na mara moja tuligombana mpaka Heche akaja kutuamua. Wote walikuwa upande wake. Waisiko aliniambia nina roho nyeusi, eti namwonea mwenzangu wivu kwa mtoto. Lile lilinichoma, nikaacha kusema. Kila mwaka Mokami alitenga wimbi la pombe ya Waitara, na kila mwaka panya wakalila, akatenga lingine. Nyumba ya kijana aliikandika kila kiangazi. Kifua kilikuwa kinammaliza na alikuwa anabeba udongo.

Waitara alirudi mwaka ule ambao hata sokoni watu walikuwa wanaongea habari za uhuru. Alikuwa amemaliza kifungo chake chote, hakuna aliyempunguzia hata asubuhi moja. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, mvi zimemtoka upande mmoja wa kichwa, kijana wa umri ule. Mokami alikuwa wa kwanza kumwona. Alimshika uso, akamshika masikio, akamgeuza akamtazama mgongo. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya watu wote, hana hata hasira, ana furaha tupu.

"Umeona? Alipokea, na neno lake amelishika."

Nikamwambia nimeona.

Tulicheza siku ile, tuliobaki. Waisiko alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu, kwa hiyo kigelegele kilianzishwa na Mokami mwenyewe. Waitara alikuwa amekaa kwenye kigoda. Sauti zile zilipoanza kupokezana niliona rangi ikimtoka usoni. Akainuka taratibu, akatoka, akaenda nyuma ya ghala langu. Nikamfuata na kibuyu cha maji.

Alikuwa ameegemea ukuta. Alikunywa, akafuta mdomo.

"Siku ile tulikuwa ndani ya lile ghala," akasema. "Nilimsikia akiimba. Halafu nikasikia vigelegele."

Nikasogea karibu naye.

"Nikawaambia wenzangu, mimi leo nalala kwetu. Nikakunja blanketi langu vizuri nikamwachia mwenzangu mmoja, mzee, alikuwa anaona baridi. Askari alipofungua mlango nilitoka wa kwanza. Wengine walisukumwa kwenye lori, mimi nilipanda mwenyewe. Nilijua wananileta nyumbani."

Uani litungu lilikuwa bado linalia, na Mokami anakohoa na kucheka kwa pamoja. Waitara aligeuza kibuyu mikononi.

"Tulipowapita barabarani niliwasikia. Nikagonga ubao. Niligonga kwa ngumi zote mbili, nawaambia hapa, ni hapa, nishusheni, wale ni mama zangu." Akanitazama, na hakukuwa na lawama yoyote usoni mwake, ingekuwepo ningejua la kufanya nayo. "Nilikusikia wewe hasa, mama mdogo. Wewe ndiye ulikuwa unaimba kwa nguvu kuliko wote."

Kisha Mokami akatuita, akiuliza tunafanya nini huko nyuma na chakula kinapoa. Waitara akanirudishia kibuyu, akajipangusa vumbi, akaenda.